Kokoto za Chini ya Tangi

Kila siku ya shule Sabirin alifika langoni wakati mmoja na mkokoteni wa maji. Punda alitangulia, shingo imeinama, na nyuma yake mitungi ya plastiki iligongana kila gurudumu lilipoingia shimoni. Pembeni alitembea Kaaha, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyehamia mjini Garissa kutoka Eldas baada ya ukame kumaliza mbuzi wake wote. Watoto walimwita Eedo Kaaha, yaani Shangazi Kaaha, kwa kuwa mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Sabirin alimfungulia lango, akamwamkia, kisha akamshika mkono Faay, binti mdogo wa Kaaha, akampeleka hadi darasa lake la Gredi ya Pili.

Maji hayo ndiyo yaliyoendesha shule. Mifereji ilikuwa imekauka muda mrefu, na bila mkokoteni ule mapipa ya shule yangebaki matupu. Mwaka huo joto lilikuwa kali kuliko kawaida. Mvua ilikuwa imepita juu ya mji mara moja tu, ikalowesha vumbi na kwenda zake.

Muhula ule shule ilipata kitu ambacho hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiona: tangi la kioo la kufugia samaki. Liliachwa na afisa mmoja aliyehamishwa kwenda kaunti nyingine. Mwalimu Nuh, aliyefundisha sayansi, aliliweka kwenye meza ndefu ndani ya maktaba na kulikabidhi kwa klabu ya sayansi. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Sabirin, msichana wa miaka kumi na miwili aliyezoea kuwa wa kwanza katika mambo mengi na kusifiwa kwa hayo.

Mwalimu Nuh hakuanza na samaki. Alianza na chini ya tangi. Alieleza kwamba sakafu ya tangi inahitaji tandiko, na kwamba tandiko baya linaweza kuharibu kila kitu kilicho juu yake. Udongo wa shambani huchafua maji. Mchanga laini sana hushikana, na uchafu ukinaswa chini yake huoza na kutoa harufu ya yai viza. Mawe yenye ncha hukwaruza matumbo ya samaki. Na yapo mawe yenye chokaa ndani yake. Hayo hubadilisha maji polepole bila mtu kuona kwa macho.

"Utayajuaje?" aliuliza Fartun, rafiki yake Sabirin.

Mwalimu alidondosha siki kwenye jiwe moja jeupe. Mapovu madogo yakatokea, yakachemka juu ya jiwe. Akadondosha siki ile ile kwenye mchanga mnene wa mto. Hakikutokea chochote.

Wanafunzi walikubaliana kutumia mchanga mnene wa Mto Tana, wenye chembe kubwa kama za mtama, na kuutandaza kimo cha vidole vitatu. Lakini Mwalimu Nuh alisisitiza kwamba lazima uoshwe kwanza, kidogo kidogo ndani ya beseni, maji yakimwagwa na kubadilishwa hadi yabaki angavu. Huenda ukaoshwa mara saba, huenda mara kumi. Eedo Kaaha alikubali kuleta gunia moja la mchanga kwenye mkokoteni wake, na siku ya Alhamisi akalileta.

Kazi ya kuosha walipewa Sabirin na Fartun. Ilipasa iishe Ijumaa alasiri, ili maji yatulie usiku kucha na samaki watiwe Jumamosi. Jumatatu wageni kutoka ofisi ya elimu ya kaunti walitarajiwa kuja kulitazama tangi hilo.

Ijumaa baada ya sala Fartun hakuja. Dada yake alikuwa akiolewa na nyumbani kwao hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Sabirin alibaki peke yake na gunia nyuma ya maktaba. Alipolifungua aliona mchanga wa kahawia uliochanganyika na mizizi, majani makavu na vinyesi vya mbuzi. Aliosha beseni moja. Maji yalikuwa kama chai. Akamwaga, akaosha tena, yakawa kama chai iliyotiwa maji. Alipofika mara ya tano mgongo ulikuwa ukimuuma na jua lilikuwa likimchoma utosini, na gunia halikuonekana kupungua hata kidogo.

Jirani na shule, mjomba wake Warfa alikuwa akijenga nyumba. Siku hiyo mafundi hawakuwepo. Kando ya mahali walipochanganyia saruji palikuwa na rundo la kokoto ndogo, nyeupe kiasi, za ukubwa mmoja. Sabirin alizitazama akaona zinapendeza kuliko ule mchanga. Alijaza ndoo mbili. Aliziosha mara moja tu. Maji yalitoka meupe kama maziwa, akayamwaga haraka na kujiambia kwamba ni vumbi. Chupa ya siki ilikuwa juu ya rafu, mkono ungeifikia. Hakuigusa.

Kabla ya magharibi kokoto zilikuwa zimetandazwa na tangi limejazwa maji. Mwalimu Nuh alipokuja alishangaa kuona kokoto badala ya mchanga. Sabirin alimwambia kwamba mchanga ulikuwa mchafu kupita kiasi, kwa hiyo amezitoa kokoto hizi kwenye laga, ule mkondo mkavu ulio nyuma ya nyumba ya mjomba. Alisema ameziosha mara saba na kuzijaribu kwa siki.

"Hazikutoa mapovu?"

"Hazikutoa, mwalimu."

Mwalimu alikuwa amechoka, tena alimwamini. Alisema kazi ni nzuri, akafunga mlango wa maktaba.

Jumamosi mkulima mmoja wa kando ya mto alileta perege sita, kila mmoja urefu wa kidole. Wanafunzi walisongamana mbele ya kioo. Wengi wao walikuwa watoto wa wafugaji. Walijua ngamia, ng'ombe na mbuzi kwa majina yao, lakini hawajawahi kumwona samaki akipumua. Faay alibandika pua kwenye kioo na kuwafuata kwa macho huku na huko. Sabirin alisimama kando akipongezwa, na moyo wake ukamwambia kwamba mambo yameisha salama.

Jumatatu asubuhi samaki wote sita walikuwa wakielea, matumbo juu.

Mwalimu Nuh aliwatoa mmoja mmoja kwa kichujio cha chai na kuwalaza kwenye gazeti. Wageni walipofika walionyeshwa tangi lisilo na samaki, limefunikwa kitambaa, wakauliza maswali mawili matatu, kisha wakaendelea na ratiba yao. Mwalimu Mkuu Abdimalik aliwasindikiza hadi kwenye gari, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa akiwaza juu ya samaki. Aliuliza maji ya tangi yalitoka wapi.

Yalitoka kwenye mapipa ya shule, yaani yaliletwa na Kaaha.

Mtu mmoja alikumbuka kwamba Kaaha ana binamu anayeuza dawa ya kupe sokoni. Mwingine akasema aliwahi kuona mtungi wake mmoja una maandishi ya dawa. Haikuhitaji zaidi ya hapo. Dawa ya kuoshea mifugo ikiingia majini huua samaki, kila mtu analijua hilo, na maji yanayoua samaki ndiyo hayo hayo watoto mia nne wanakunywa. Mwalimu Mkuu alimwita Kaaha ofisini. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba hawezi kuhatarisha watoto wa watu, na kwamba asilete tena maji mpaka jambo hilo lijulikane. Mapipa yote yakamwagwa, na tangi nalo likamwagwa maji, zikabaki kokoto peke yake.

Sabirin alikuwa amesimama nje ya ofisi akiwa na rejesta ya darasa mkononi. Alimwona Kaaha akitoka, akapita mbele yake bila kumwona, akafungua punda na kuondoka. Sabirin aliingia darasani na rejesta yake. Alijiambia kwamba pengine ni kweli, pengine ni dawa ya kupe, na kokoto hazina hatia yoyote. Alijiambia hivyo siku nzima.

Habari ilitoka shuleni ikaingia mtaani kabla ya adhuhuri. Kufikia Jumanne wanawake waliokuwa wakinunua maji kwa Kaaha walikuwa wamefunga milango. Shuleni mapipa yalibaki matupu, na kila mtoto akaagizwa kuja na chupa yake. Wakati wa mapumziko Sabirin alimwona Faay akiwa peke yake chini ya ukuta. Watoto wa darasa lake walikuwa wamekataa kunywa kwenye kikombe alichokigusa. Walimwita mtoto wa sumu. Faay hakulia, ila alikuwa ameshikilia kile kikombe kwa mikono miwili, kitupu, kama anayengoja mtu aje kukichukua. Sabirin alimpa chupa yake ya maji. Faay alikunywa, akamwambia asante, na asante hiyo ikamchoma Sabirin kuliko tusi.

Fartun alimkuta Sabirin pale pale. "Sabirin," alisema kwa sauti ya chini, "kokoto zile uliziosha kweli mara saba?"

"Nimekwambia niliziosha."

Fartun akaondoka zake.

Jioni ile Sabirin alipita kwa mjomba. Fundi Yonis, msimamizi wa ujenzi, alikuwa akinawa mikono. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na kupasuka. Sabirin alimuuliza kuhusu lile rundo la kokoto. Fundi Yonis alieleza bila kujua sababu ya swali: ndipo wanapomwaga mabaki ya saruji kila wanapomaliza kuchanganya, na vumbi la mifuko huishia hapo. Akaonyesha mikono yake. Ndivyo saruji inavyofanya ikikutana na maji, alisema, inakula ngozi.

Sabirin alibeba kokoto moja hadi nyumbani. Jikoni, mama yake akiwa anakanda unga wa canjeero, chapati zile za maji za asubuhi, alidondosha siki juu yake. Mapovu yalitoka mengi, yakatoa sauti ndogo ya kuchemka. Mama aligeuka na kuuliza anafanya nini. Sabirin akasema ni kazi ya shule, kisha akaingia ndani na kulala bila kula.

Sasa alijua. Lakini kujua hakukumfungua mdomo. Jumatano alifika hadi mlango wa chumba cha walimu, akarudi. Alhamisi hakufika hata mlangoni. Kila alipotaka kusema alijiona akivuliwa uenyekiti mbele ya wote, akiitwa mwongo na watoto wa Gredi ya Nne, na mama yake akiinamisha uso sokoni. Halafu Alhamisi hiyo hiyo akasikia kwamba Faay hakuja shuleni. Mwalimu wa Gredi ya Pili alikuwa akimwambia mwenzake kwamba mama yake anarudi Eldas. Ameshauza punda. Kuna lori la bidhaa linaloondoka Jumamosi, na watapanda hilo.

Sabirin alijua Eldas kulikuwa na nini kwa ajili yao. Kaaha mwenyewe aliwahi kumsimulia, asubuhi moja langoni: mifupa ya mbuzi kandokando ya njia, na kisima ambacho watu hukaa foleni siku mbili.

Ijumaa asubuhi alimngoja Mwalimu Nuh kando ya maktaba. Alipomwona akija hakukimbia.

"Mwalimu, niliwaua mimi wale samaki."

Mwalimu alisimama.

Sabirin alisema yote: rundo la kokoto, maji meupe kama maziwa, siki ambayo hakuigusa, laga ambayo hakwenda. Alisema pia kwamba tangu Jumanne alikuwa na hakika, na kwamba alimwona Eedo Kaaha akitoka ofisini na akanyamaza.

Mwalimu Nuh hakumkemea. Alikaa juu ya ngazi kama mtu aliyeelemewa. Kisha aliingia ndani, akamimina maji aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwenye mabeseni mawili, na katika moja akatia kokoto za tangi. Walingoja. Wakati wa mapumziko alichovya katika kila beseni karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kupimia maji, ambayo hugeuka buluu yakiwa na chokaa au saruji. Kwenye maji matupu karatasi ilibaki nyekundu. Kwenye maji ya kokoto iligeuka buluu mara moja.

"Karatasi hizi zilikuwa kabatini kwangu wiki nzima," alisema. "Mimi ndiye mwalimu wa sayansi, na sikuchovya hata moja. Niliyaacha maneno ya watu yanipimie maji. Nami nina sehemu yangu katika jambo hili."

Walikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Alisikiliza hadi mwisho, akazitazama karatasi mbili zilizowekwa mezani, akavua miwani na kufuta macho. Alimtuma mtu kumwita mama yake Sabirin. Baada ya sala ya Ijumaa wote wanne walikwenda kwa Kaaha.

Walimkuta akikunja mikeka. Vyombo vyake vyote vilienea katika magunia mawili. Mkokoteni ulikuwa umeegemezwa ukutani, mikono juu, na mahali alipofungwa punda palibaki kamba. Faay alijificha nyuma ya mama yake alipomwona Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu aliomba msamaha kwanza, akiwa amesimama, mbele ya majirani waliotoka kusikiliza. Alisema maji ya Kaaha yalikuwa safi, na kwamba yeye alihukumu bila kupima. Kisha Sabirin akasogea mbele. Mama yake hakumsaidia kwa neno lolote. Alimwachia aseme mwenyewe, na akasema.

Kaaha alinena kwa utulivu ule ule wa kila siku.

"Nilipoulizwa mitungi yangu ilibeba nini, nilisema maji. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Mwanangu aliniuliza, Hooyo, mama, kweli tunauza sumu? Nikamwambia la. Lakini niliona hakuniamini sana, maana shule nzima ilikuwa inasema vingine." Akamtazama Sabirin. "Samaki walikufa siku moja, yakaisha. Mimi ulikuwa unaniua kidogo kidogo, kila siku uliyonyamaza. Na wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mkono binti yangu."

Sabirin alilia. Kaaha hakumkumbatia, ila hakumfukuza pia. Mwishowe alisema amesamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na kwamba moyo wake utafuata taratibu.

Hakupanda lile lori. Mjomba Warfa na mama yake Sabirin walikwenda soko la mifugo kumtafuta punda, lakini aliyemnunua alikuwa ameshampeleka mbali, na hakuna aliyejua ni upande gani. Walimpatia Kaaha punda mwingine, mchanga, asiyejua mkokoteni. Kwa majuma mawili alimsumbua, akasimama katikati ya barabara, akamwaga maji. Kaaha aliongea naye kwa subira, lakini mara nyingine Sabirin alimsikia akimwita kwa jina la yule wa zamani. Baadhi ya milango mtaani ilifunguka tena. Mingine haikufunguka, ingawa Mwalimu Mkuu alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kueleza. Faay alirudi darasani. Ilichukua muda kabla hajampa Sabirin mkono wake tena.

Sabirin alivuliwa uenyekiti, na Fartun akachaguliwa. Siku moja nzima, kuanzia asubuhi hadi alasiri, Sabirin aliosha mchanga wa mto mbele ya klabu nzima. Hakuna aliyemcheka kama alivyoogopa, na wawili watatu walimsaidia kumwaga mabeseni. Kokoto zilitolewa, kioo kikasuguliwa na kusuuzwa, mchanga ukajaribiwa kwa siki na kutandazwa kimo cha vidole vitatu. Maji yakaachwa juma zima, na kila siku Mwalimu Nuh akayapima mwenyewe. Ndipo yule mkulima alipopelekewa ombi la samaki wengine. Aliwaleta wanne tu, akasema safari hii kwanza aone.

Siku samaki walipotiwa majini hapakuwa na shangwe kubwa. Wanafunzi walisogea kwenye kioo wakitazama. Mwalimu Nuh aliwaambia maneno ambayo Sabirin aliyasikia kama anaambiwa yeye peke yake, ingawa mwalimu aliwatazama wote.

"Kazi ya chini haionekani," alisema. "Mtu akija hapa ataona samaki, hataona mchanga umeoshwa mara ngapi. Ndiyo maana ni rahisi kuiruka na kusema umeifanya. Mkichoka, semeni mmechoka, tutasaidiana. Mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, kwa sababu kosa likifichwa linatafuta mtu mwingine wa kumwangukia, na mara nyingi linamwangukia asiye na wa kumtetea. Sabirin alisema kweli, na kweli hiyo ilimzuia mama mmoja asiondoke. Lakini alichelewa siku nne, na siku hizo nne hakuna awezaye kuzirudisha, si yeye, si mimi."

Kengele ililia, na wanafunzi wakatoka mmoja mmoja, wakifunga mlango wa maktaba polepole ili wasiwashtue samaki.